Kwa nini habari za Tehran zilizimika kabla ya maandamano yenyewe

Usiku wa kuamkia Ijumaa, 26 Juni 2009, saa sita na dakika 26 kwa saa za Afrika Mashariki, madaktari wa Los Angeles walitangaza kwamba Michael Jackson amefariki. Tehran ilikuwa saa saba na dakika 56 za usiku. Kwa karibu wiki mbili mji huo, uliojaa maandamano ya kupinga matokeo ya uchaguzi wa rais, ndio uliokuwa ukiongoza taarifa za habari duniani. Kulipopambazuka, Iran ilikuwa imesukumwa hadi mwisho wa taarifa, pale panapobaki nafasi kabla ya michezo.

Tangu hapo maelezo yanayorudiwa ni mepesi: kifo cha Jackson ndicho kilichoiua habari ya Iran. Yana chembe ya ukweli, lakini yanapotosha, kwa sababu yanamfanya msomaji aamini kwamba habari za maandamano ya uchaguzi hupotea kwa bahati mbaya tu. Ukiifuata Juni ile siku kwa siku utaona kwamba habari ya Tehran ilikuwa imeshakatwa mizizi siku tisa kabla Jackson hajafa. Kifo chake kilisukuma mti uliokuwa tayari umeegemea. Na mbinu zilizotumika kuikata mizizi hiyo zimeonekana tena Kinshasa, Minsk mji mkuu wa Belarus, na Kampala, kwa mpangilio unaofanana mno.

Kura na siku mbili za kwanza

Uchaguzi wa rais ulifanyika Ijumaa, 12 Juni 2009. Wagombea walikuwa wanne: Rais Mahmoud Ahmadinejad, aliyekuwa akitetea kiti, waziri mkuu wa zamani Mir-Hossein Mousavi, spika wa zamani Mehdi Karroubi, na Mohsen Rezaee, aliyewahi kuwa kamanda wa Walinzi wa Mapinduzi, jeshi linalolinda utawala wa Iran. Mpiga kura wa Iran huandika kwa mkono jina la mtu anayemtaka. Zilipigwa kura zaidi ya milioni 39 za namna hiyo, na bado saa chache tu baada ya vituo kufungwa shirika la habari la serikali lilikuwa limeshamtaja mshindi. Jumamosi hesabu kamili ikatoka: Ahmadinejad milioni 24.5, yaani asilimia 62.6, Mousavi milioni 13.2, asilimia 33.75.

Baadaye Baraza la Walinzi wa Katiba lenyewe, chombo kinachothibitisha matokeo ya uchaguzi, lilikiri kwamba katika miji 50 kura zilizidi idadi ya watu waliostahili kupiga kura hapo. Likaeleza kwamba sheria inamruhusu raia kupiga kura popote alipo, na kwamba kura zilizohusika, kama milioni 3, hazingebadili mshindi. Waliokuwa mitaani walikuwa na swali moja, na waliliandika kwenye mabango kwa Kifarsi na kwa Kiingereza: kura yangu iko wapi?

Kosa la kwanza la vyombo vya habari lilitokea wakati milango ya Iran bado iko wazi. Waandishi wa kigeni walikuwa Tehran kwa wingi, wakiwa na viza na vibali. CNN walikuwa na watu wao pale, Christiane Amanpour akiwa mmojawao. Lakini ghasia zilianza Jumamosi. Nchini Iran mapumziko ya wiki yalikuwa Alhamisi na Ijumaa, kwa hiyo Jumamosi ilikuwa siku ya kazi. Marekani, Jumamosi ni siku ambayo chumba cha habari kina wahariri wachache wa zamu na ratiba imejaa vipindi vilivyorekodiwa. Juni ile Tehran ilitangulia New York kwa saa nane na nusu. Mawe yalipokuwa yakirushwa jioni, New York ilikuwa ndiyo kwanza inakunywa kahawa ya asubuhi ya mapumziko.

Watazamaji wakaona moto kwenye simu zao na vipindi vya kawaida kwenye televisheni. Hasira zikaungana chini ya alama ya reli moja, CNNfail, iliyoenea wikendi nzima ya tarehe 13 na 14. Ripota alikuwepo, picha zilikuwepo, setilaiti ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kukatisha kipindi. Tunasisitiza hili kwa sababu watu wengi, wasipoona habari, hudhani mara moja kwamba kuna aliyeifunga. Wakati mwingine sababu ni kalenda.

Mlango hufungwaje

Jumatatu, 15 Juni, umati mkubwa kuliko wote ulitembea kutoka Uwanja wa Enghelab hadi Uwanja wa Azadi. Jioni risasi zilifyatuliwa karibu na kituo cha wanamgambo wa Basij, na redio ya serikali yenyewe ikatangaza vifo vya watu saba. Kesho yake Wizara ya Utamaduni na Mwongozo wa Kiislamu ikawapiga marufuku waandishi wa vyombo vya kigeni kufika kwenye maandamano yasiyo na kibali. Ruhusa ya kuwa nchini walibaki nayo. Wangeweza kukaa ofisini au hotelini, wapige simu, watazame televisheni ya taifa. Tangu siku hiyo mashirika makubwa ya picha yakaanza kuambatanisha na picha zao tahadhari kwa wahariri, kwamba wapigapicha wao wamezuiwa kutoka nje kwenda kupiga picha.

Hiyo ndiyo siku ya kuikumbuka, 16 Juni. Baada yake walibaki wachache mno wenye jina, mwajiri na sifa ya kulinda waliosimama barabarani wakahesabu.

Viza zikafanya iliyobaki. Serikali inayojua kazi hii haihitaji kufukuza watu mia, na picha za waandishi wakisindikizwa hadi uwanja wa ndege hazina faida kwake. Waandishi waliokuja kwa ajili ya uchaguzi walikuwa wamepewa viza za siku chache, na zilipokwisha hazikuongezwa. Wakaondoka mmoja mmoja, kimya kimya. Aliyefukuzwa waziwazi ni mwandishi wa kudumu wa BBC, Jon Leyne, aliyepewa saa 24 siku ya 21 Juni. Siku hiyohiyo Maziar Bahari, Muirani mwenye uraia wa Kanada aliyekuwa akiandikia jarida la Newsweek, alikamatwa. Alikaa korokoroni siku 118. Waandishi wa Kiirani walilipa zaidi kuliko wageni. Kamati ya Kulinda Waandishi wa Habari ilipohesabu waliokuwa magerezani tarehe 1 Desemba mwaka huo, Iran ilikuwa na 23.

Upande wa mitambo, kazi ilianza mapema zaidi. Ujumbe mfupi wa simu ulikatwa kabla kura hazijaanza kupigwa, na mawakala wa Mousavi waliotegemea njia hiyo kutuma hesabu za vituoni wakabaki bila mawasiliano. Facebook na YouTube zikazuiwa. Intaneti yenyewe haikuzimwa ila kwa muda mfupi Jumamosi. Baada ya hapo ilirudishwa ikiwa imebanwa. Kubana kuna faida tatu kwa anayebana. Benki na ofisi zinaendelea kufanya kazi. Maandishi yanapita lakini video inakwama, na video ndiyo inayohofiwa. Tena ni vigumu kwa mtu aliye nje kuthibitisha kwamba kuna kosa lililotendwa, maana mtandao wa polepole unaweza kuwa na sababu kumi.

BBC ya Kifarsi ilikuwa na miezi mitano tu tangu ianze kurusha matangazo ya televisheni, Januari 2009. Siku ya uchaguzi mawimbi yake yakaanza kuvurugwa. Kuna njia mbili za kuvuruga matangazo ya setilaiti, na inafaa kuzitofautisha. Ya kwanza ni kuelekeza angani, kwenye setilaiti yenyewe, kelele zenye nguvu kuliko matangazo halisi katika masafa yaleyale; setilaiti haiwezi kuchagua, hivyo inarudisha chini kelele, na kila anayetegemea masafa hayo hadi Ulaya anapoteza picha. Ya pili ni kupeleka kelele kwenye madishi ya mtaa mmoja au mji mmoja tu. Mwaka 2009 ilitumika ile ya kwanza, ndiyo maana vituo vingine visivyohusika navyo viliumia. Dawa ya BBC ilikuwa kuongeza setilaiti nyingine. Lakini dawa hiyo inamtaka mtazamaji apande darini kugeuza dishi, katika nchi ambako kumiliki dishi ni kosa.

Waliokuwa wakiandika Twitter ni akina nani

Mlango ulipofungwa, vyumba vya habari vya nje vilihitaji macho mengine, navyo vikageukia mitandao. Hapo ndipo lilipozaliwa jina la "mapinduzi ya Twitter", na hapo ndipo makosa yalipoongezeka.

Watafiti wa mradi wa Web Ecology walikusanya jumbe za Twitter kuhusu uchaguzi wa Iran kuanzia tarehe 7 hadi 26 Juni. Walipata zaidi ya milioni 2, kutoka kwa watumiaji wapatao 480,000. Asilimia 59.3 ya watumiaji hao waliandika mara moja tu kisha wakaendelea na mambo yao, na ujumbe mmoja katika kila minne ulikuwa marudio ya maneno ya mtu mwingine. Wachunguzi wa Al Jazeera walipotafuta akaunti zilizokuwa kweli Tehran na zikifanya kazi, walithibitisha kama 60. Serikali ilipokaza kamba, zikabaki sita.

Kwa hiyo ile mvua ya maneno tuliyoisoma ilikuwa imenyesha London, Toronto na Los Angeles. Haikuwa na ubaya wowote wa nia. Wairani walio ughaibuni walikuwa wakiongea na ndugu zao kwa simu na kupitisha walichosikia. Shida ni kwamba habari moja ya simu ikirudiwa na watu elfu kumi inafanana na mashahidi elfu kumi. Ndani ya Tehran mambo yalipangwa kwa njia za zamani: mdomo kwa mdomo, simu za nyumbani, na usiku sauti za "Allahu Akbar" kutoka mapaa ya nyumba, ambazo kila mtaa ulizisikia na kujua kwamba jirani yuko pamoja nao.

Kosa moja lililofanywa kwa moyo mwema linastahili kutajwa. Wiki ile ulienea mwito kwamba watumiaji wote duniani wabadilishe mahali na saa za akaunti zao ziwe za Tehran, ili askari wa mtandao washindwe kuwapata Wairani wa kweli. Wengi walifanya hivyo, tena wakapaka picha zao rangi ya kijani, rangi ya kampeni ya Mousavi. Hakuna ushahidi kwamba askari walichanganyikiwa. Waliochanganyikiwa ni wahariri, maana alama pekee rahisi ya kumtambua shahidi aliyeko Tehran ilifutwa na marafiki zake.

Marekani nayo ikaongeza petroli. Twitter ilikuwa imepanga kusimamisha huduma kwa matengenezo, na tarehe 15 ofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani aliiomba kampuni iahirishe. Matengenezo yakasogezwa hadi saa saba na nusu usiku kwa saa za Tehran. Huduma ilipona, lakini serikali ya Iran ikapata hoja iliyokuwa ikiitafuta, kwamba maandamano yanaendeshwa kutoka nje.

Sekunde arobaini za Mtaa wa Kargar

Jumamosi, 20 Juni, siku moja baada ya Ayatollah Khamenei, kiongozi mkuu wa Iran wakati huo, kuonya katika hotuba ya Ijumaa kwamba lawama za damu zitakuwa juu ya viongozi wa maandamano, mwanamke wa miaka 26, Neda Agha-Soltan, alipigwa risasi kifuani karibu na Mtaa wa Kargar. Mtu aliyekuwa jirani alirekodi kwa simu, kwa muda usiofika dakika moja. Video ikatumwa nje kwa barua pepe, ikapakiwa kutoka Ulaya, na kufika Jumapili dunia nzima ilikuwa imeiona. Mapema mwaka 2010 tuzo ya George Polk, mojawapo ya tuzo zenye heshima kubwa katika uandishi wa Marekani, ilipewa video hiyo bila kumtaja mpigaji wake, kwa kuwa hakuna aliyemjua.

Video ilikuwa ya kweli. Picha ya uso iliyoenea pamoja nayo haikuwa ya kweli. Watu waliotafuta jina la Neda kwenye Facebook walimpata mwanamke mwingine, mwalimu wa chuo kikuu hukohuko Tehran, mwenye jina linalokaribiana. Wakachukua picha yake, na ndani ya saa chache ikawa kwenye televisheni za mabara yote, kwenye mabango na kati ya mishumaa ya maombolezo. Alijitahidi kuwaeleza watu kwamba yu hai, wengi hawakumwamini. Maofisa wa usalama nao wakaanza kumfuata. Ilimlazimu aikimbie nchi yake na kuomba hifadhi Ujerumani. Familia ya marehemu ilitoa picha halisi mapema sana, na hata hivyo ile ya mwanamke aliye hai iliendelea kuchapishwa.

Kilichokosekana ni hatua moja ndogo: kulinganisha uso wa kwenye picha na uso wa kwenye video, kisha kumuuliza ndugu. Kazi ya nusu saa. Waswahili husema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kwa mhariri wa picha huo ni ushauri wa hatari kabisa.

Watu wa Tehran wenyewe walijifunza haraka kuliko wahariri. Siku hizohizo video nyingi zilikuwa zikianza na sauti ya mpigaji akitaja tarehe na mtaa: "Thelathini Khordad, Mtaa wa Azadi." Thelathini Khordad ni 20 Juni, na 25 Khordad ni 15 Juni. Mtu asiyejua kalenda ya Kiirani angeitupa taarifa iliyo muhimu kuliko zote ndani ya video. Baada ya tarehe huja kutafuta alama za mahali, jina la duka, njia ya basi, mlima nyuma ya majengo, maana mjini Tehran milima ya Alborz iko kaskazini na inakupa dira. Kivuli kinakadiria saa. Mavazi ya askari yanatofautisha polisi wa kawaida na Basij. Mwisho unatafuta video ya pili ya tukio lilelile kutoka pembe nyingine. Ikikosekana, unasema hivyo waziwazi kwa msomaji.

Na kuna jambo lililoeleweka kwa kuchelewa. Tovuti moja yenye uhusiano na Walinzi wa Mapinduzi ilichapisha picha za waandamanaji zilizozungushiwa duara nyekundu usoni, ikaomba wananchi wawatambue. Baadhi ya sura zinazotumika kwa kazi kama hiyo hutoka kwenye picha zilezile ambazo dunia ilizisambaza kwa huruma.

Walikuwa wangapi

Kuhusu tarehe 15 utasikia laki kadhaa, milioni moja, milioni tatu. Hii ya mwisho ilihusishwa na meya wa Tehran wa wakati huo. Inawezekana kujipimia mwenyewe kwa kanuni iliyoenezwa na mwalimu wa uandishi wa habari wa Berkeley, Herbert Jacobs, miaka ya 1960: tafuta eneo, zidisha kwa msongamano. Umati uliolegea, ambao mtu anaweza kunyoosha mikono, ni mtu mmoja kwa kila mita ya mraba. Umati uliobanana kiasi ni watu wawili na nusu. Ule wa kusukumana mbele ya jukwaa ni wanne hivi.

Tuchukue barabara yenye upana wa mita 40 iliyojaa kwa urefu wa kilomita 5, takriban umbali wa Enghelab hadi Azadi. Hiyo ni mita za mraba 200,000. Kwa watu wawili kila mita, wako 400,000 kwa wakati mmoja. Ongeza uwanja wenyewe wa Azadi, vichochoro vinavyoingia na watu waliopita mapema wakarudi nyumbani, hesabu inapanda. Lakini kuifikisha milioni 3 kwenye barabara hiyo pekee kungetaka watu 15 kwa kila mita, jambo lisilowezekana kimwili. Picha iliyopigwa toka daraja la waenda kwa miguu, ikionyesha vichwa hadi upeo wa macho, haikwambii lolote kati ya hayo: picha ya namna hiyo hubana umbali na kuficha mapengo.

Kwa nini tujisumbue na hesabu hii? Kwa sababu idadi iliyokuzwa ni zawadi kwa serikali. Ikishathibitishwa kuwa ya uongo, inatumika kukanusha hata yale ya kweli. Watu 400,000 waliotembea kimya mji mkuu ni tukio kubwa linalojitosheleza.

Siku kumi na tatu, kisha Jackson

Sasa turudi kwenye usiku wa tarehe 25. Ili habari ya televisheni ibaki juu kila siku inahitaji picha mpya, mtu wa kuzungumza kutoka eneo la tukio, na badiliko la kusimulia. Kufikia katikati ya juma lile la pili Iran ilikuwa imebakiwa na kimoja kwa shida. Tarehe 24, waandamanaji waliojaribu kukusanyika Uwanja wa Baharestan, mbele ya bunge, walipigwa na kutawanywa. Habari ilitoka kwa simu na sauti zilizokatikakatika. Taarifa ya jioni ya kituo kikubwa cha Marekani ni nusu saa, na ukitoa matangazo ya biashara zinabaki kama dakika 22. Mhariri mwenye sauti ya simu isiyothibitishwa upande mmoja, na upande mwingine kifo cha mwanamuziki anayejulikana kila kijiji duniani, chenye helikopta, hospitali na miaka 40 ya video za kumbukumbu, hajiulizi mara mbili. Mtandao wenyewe ulilemewa: Google ilipoona wimbi la watu wanaotafuta jina la Jackson ilidhani inashambuliwa.

Kama waandishi wangekuwa bado mitaani Tehran, kifo kile kingeichukulia Iran siku mbili tatu. Hili ni kadirio letu, lakini lina msingi: habari zenye waandishi eneo la tukio hurudi juu baada ya wimbi kupita. Ya Iran haikurudi. Tarehe 29 Juni Baraza la Walinzi lilihitimisha kuhesabu upya sehemu ya kura na kumthibitisha Ahmadinejad. Tarehe 7 Julai dunia ilitazama moja kwa moja ibada ya kumuaga Jackson; tarehe 9 maelfu ya watu waliingia tena mitaani Tehran, na wengi waliofuatilia Juni hawakupata habari.

Mambo mazito zaidi yalikuja wakati huo wa giza. Katika kizuizi cha Kahrizak, kusini mwa Tehran, waliokamatwa waliteswa, na vijana wasiopungua watatu wakafa kwa kipigo na hali ya humo. Mwishoni mwa Julai Khamenei mwenyewe akaamuru kifungwe. Tarehe 1 Agosti zaidi ya watu mia, wakiwemo mawaziri wadogo wa zamani, walipandishwa kizimbani kwa pamoja wakiwa wamevaa nguo za gereza. Waandamanaji walirudi Siku ya Quds mwezi Septemba, wakarudi 4 Novemba, na siku ya Ashura, 27 Desemba, watu wasiopungua wanane waliuawa, mpwa wa Mousavi akiwa mmoja wao. Idara ya mahakama ilikubali kwamba waliokamatwa tangu uchaguzi walifika 4,000. Kuhusu waliokufa, serikali ilitaja 36 na upinzani ukatoa orodha ya majina 72. Zaidi ya miezi sita ya matukio, na kumbukumbu ya dunia ni ya siku 13.

Ukiwa msomaji wa mbali

Kwa msemaji wa Kiswahili mambo haya si ya ng'ambo tu. Jioni ya 30 Desemba 2007, Kibaki alipoapishwa Nairobi, serikali ya Kenya ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Tofauti ilikuwa kwamba Nairobi ni makao ya waandishi wengi wa kigeni wanaoripoti ukanda mzima. Hawakuhitaji viza wala ndege, nao wakabaki. Mapema Januari Wakenya wachache wakaunda ramani ya mtandaoni ya kukusanya taarifa za ghasia, wakaiita Ushahidi, na programu hiyo imetumika nchi nyingi tangu hapo. Congo haikuwa na bahati hiyo: 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kura, intaneti na ujumbe mfupi vilikatwa kwa karibu siku 20, matangazo ya RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, yakazimwa na mwandishi wake akanyang'anywa kibali. Minsk, baada ya kura ya 9 Agosti 2020 iliyompa Rais Lukashenko asilimia 80, intaneti ilizimwa siku tatu, na mwisho wa mwezi waandishi wa mashirika ya kigeni wakapokonywa vibali. Kampala, intaneti ilizimwa jioni ya 13 Januari 2021, mkesha wa kura; siku hiyohiyo Washington ilikuwa ikipiga kura ya kumshtaki Trump bungeni kwa mara ya pili, wiki moja baada ya uvamizi wa Capitol. Nyumba ya mgombea wa upinzani, Bobi Wine, ilizingirwa na askari hadi mahakama ilipoamuru waondoke tarehe 25. Angalia tarehe hizo zilivyobanana.

Msomaji anaweza kujilinda kwa mazoea machache. La kwanza ni kusoma jina la mji lililo mwanzoni mwa habari. Habari ya Iran iliyoandikwa kutoka Dubai au London inaweza kuwa sahihi kabisa, lakini inakwambia kwamba mwandishi hakuwepo. Mji huo ukibadilika ghafla kutoka Tehran kuwa Dubai, mlango umefungwa, andika tarehe. Jingine ni kutenganisha habari iliyopungua na tukio lililopungua. Uliza: je, kuna aliyeripoti kwamba mitaa imetulia, au hakuna aliyeripoti chochote? Ni majibu mawili tofauti kabisa. Sikiliza pande zaidi ya moja pia, na katika hili Kiswahili kina utajiri wa pekee: kuna BBC, DW na RFI upande mmoja, na kuna Redio Tehran yenyewe inayotangaza kwa Kiswahili. Linganisha walichokinyamazia, kisha walichokisema. Na weka tarehe za mbele kwenye simu yako: siku ya kuthibitishwa matokeo, siku ya kuapishwa, siku ya kesi, arobaini ya waliouawa. Kwa Washia siku ya arobaini ni siku ya watu kukusanyika, kama ilivyo kwa Waswahili wengi, na maandamano ya Iran yamefuata kalenda hiyo tangu 1978.

Tarehe 14 Februari 2011, siku tatu baada ya Mubarak kuanguka, Wairani waliitikia mwito wa Mousavi na Karroubi wa kuandamana kuwaunga mkono Wamisri na Watunisia. Watu wawili waliuawa. Viongozi hao wawili pamoja na wake zao wakafungiwa majumbani mwao bila kesi. Kamera zilikuwa Cairo wiki hiyo, na siku chache baadaye zilikuwa zikikimbilia Benghazi, Libya.